Bakuli la Pilau na Kipande cha Ndege

Tulipohama Mombasa tukapanga chumba Kenton, ng'ambo kwa Waingereza, jirani yetu Mwingereza alikuwa akigonga ukuta kila mwanangu alipolia. Mwenye nyumba akatuonya: malalamiko yakizidi, tutafute pengine. Nilitaka kwenda kumtukana, lakini mama alinifunza kumlisha jirani kabla ya kumgombeza. Nikampelekea pilau.

Kesho yake akarudisha bakuli, limeoshwa, halina kitu. Damu ikanichemka.

"Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu," nikamwambia. "Hata chumvi ulikosa, bwana?"

Akaiva uso mzima, akaenda kwake. Aliporudi, ndani ya bakuli mlikuwa na kipande cha bati jepesi, ukubwa wa kiganja.

"Ni cha ndege yetu ya mabomu," akasema. "Mimi nilikaa mkiani na bunduki, peke yangu. Ilitupeleka Ujerumani mara nyingi, na kila mara ikaturudisha. Vita vilipokwisha wakaikatakata, wakaiyeyusha. Niliokota hicho tu."

Mwanangu akaanza kulia mgongoni. Yule bwana akashika mlango.

"Safari moja rubani wetu alijeruhiwa, akalia njia nzima ya kurudi," akasema. "Nilimsikia kwa redio ya masikioni, na sikuweza kumfikia."

Hasira zilikuwa hazijaniisha. Nikamrudishia kipande chake, nikamfungua mtoto, nikamtia mikononi mwa yule bwana.

"Huyu unaweza kumfikia," nikasema. "Akilia, usigonge. Njoo umbebe."

Jioni ile ile mtoto alipolia, akaja, amefunga tai.