Gari Lililokosa Upepo

Mwalimu Kipchumba alikuwa na jibu la kila swali duniani, isipokuwa lile moja ambalo fundi Wabuge alimuuliza kila alipofika gereji kule Eldoret: gari linachemkia wapi? Hapo mwalimu, aliyefundisha hesabu na sayansi tangu enzi alipokuwa na nywele kichwani, aligeuka kuwa mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani. Alikohoa, akatazama mabati ya paa, akasema linachemka tu, popote.

Uongo mtupu. Gari lile kuukuu la kijivu lilitoka Chepsaita hadi Eldoret na kurudi, mshale wa geji ya joto umetulia pale unapotakiwa kutulia. Lilichemka mahali pamoja tu, nyakati za jioni, kwenye mlima wa murram, njia isiyo na lami, unaotoka barabara kuu kuelekea senta ya maduka ya Chepsaita. Na sababu mwalimu aliijua. Mlima huo aliupanda kwa gia ya kwanza, kwa mwendo wa mguu, nyuma ya mwanamke aliyebeba kikapu.

Mwanamke huyo ni Mama Githinji, jirani yake wa miaka mingi, shamba kwa shamba. Januari ya 2008, matokeo ya uchaguzi yalipowageuza majirani wa makabila tofauti kuwa maadui, nyumba yake iliteketezwa, naye akashika njia kwa miguu kwenda kituo cha polisi cha Turbo, mtoto mmoja mgongoni na mwingine amemshika mkono. Magari ya majirani yalimpita njiani, na moja lilikuwa la kijivu, limejaa vitu hadi madirishani. Alimwona dereva, na dereva alimwona. Hakuna aliyehitaji shahidi.

Aliishi kwenye hema la waliofukuzwa makwao pale Showground, uwanja wa maonyesho wa Eldoret, hadi hema likachakaa, kisha akarudi, akajenga chumba cha mabati palepale penye majivu, akaanza kuuza viazi sokoni Turbo. Jioni moja vijana walimzomea mlimani na kumrushia vijiwe, si vya kumuumiza, vya kumjulisha tu kwamba hatakiwi. Kipchumba aliposikia habari hizo hakupata usingizi. Kesho yake alimngoja njia panda, akateremsha kioo, akamwambia apande. Mama Githinji alimshukuru kwa adabu zote, akasema amezoea kutembea.

Mtu mwingine angeona haya akaenda zake. Kipchumba aliona haya akamfuata. Aliwasha taa, akatia gia ya kwanza, akamsindikiza mlima mzima hadi alipoingia kwake. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Vijana walipoziona taa za mwalimu aliyewachapa darasani, walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nyumbani. Miaka ikasonga hivyo. Hakuna aliyemwomba, hakuna aliyemshukuru, na mama mwenyewe hakugeuka nyuma hata mara moja, jambo lililomuudhi mwalimu kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Sasa ilikuwa mwishoni mwa 2012, uchaguzi mwingine unabisha hodi, watu wameanza tena kusalimiana kwa kupimana. Gari nalo likachagua wakati huo kugoma.

Wabuge alianza na mfuniko wa rejeta. Likachemka. Akaizibua rejeta, akatoa kutu nyekundu, akamkaripia mwalimu kwa kutia maji ya mtoni badala ya kulanti, ile dawa ya kupoza injini. Mwalimu akanunua kulanti. Likachemka. Wabuge akagundua kwamba fundi mmoja wa zamani aliitoa thamostati, vali inayopitisha maji ya kupoza, akaitupa, kama wafanyavyo wengi wakishindwa na kazi; Wabuge akaweka mpya. Likachemka. Akaitoa pampu ya maji, ambayo haikuwa na kosa, akaweka nyingine, ambayo pia haikuwa na kosa. Feni ilizunguka. Mabomba hayakuvuja. Kila mara fundi alilijaribu mwenyewe kwenye barabara kuu, akalikimbiza, akarudi akipiga mluzi kwamba limepona. Siku mbili hazipiti, mwalimu yuko mlangoni tena, uso umemkunjamana, na Wabuge alipouliza linachemkia wapi, akatazama mabati.

Mkewe, Chebet, alisema gari limeolewa gereji na mahari wanalipa wao. Alijua fika linakochemkia. Alimwambia mumewe kwamba kama anataka msamaha aende akauombe kama watu wengine, na kama hautaki aache kuteketeza petroli. Mwalimu akajibu kwa ukali kwamba yeye haombi kitu, anaangalia usalama wa jirani tu. Chebet akachukua ndoo akaenda kukamua ng'ombe, maana ng'ombe angalau ukiwauliza jambo hawakudanganyi.

Siku ya siku, Wabuge alichomoa kijiti cha kupimia oili akakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia kwenye injini. Gasketi ya silinda hedi, inayotenga maji na oili, ilikuwa imeungua. Fundi aliweka spana chini, akajifuta mikono taratibu, kama mtu anayejizuia asiitumie vibaya.

"Mwalimu, mficha uchi hazai. Hii gari nimebadilisha kila kitu, imebaki wewe. Inachemsha ukifanya nini?"

Mwalimu alisema. Alisema akiwa ameangalia tairi, sauti ikiwa ndogo: mlima, gia ya kwanza, mwanamke mbele, kila jioni. Ya 2008 hakuyataja, lakini Wabuge naye aliishi Eldoret mwaka huo, na akajumlisha mwenyewe. Alikuwa na hasira ya ile pampu. Aliitafuta hasira hiyo akakuta imekwisha.

Alimweleza basi, kama mtu anayemweleza mgonjwa mkaidi. Gari likienda, upepo unapiga rejeta na kupoza maji. Likitambaa mlimani injini inatoa jasho, na upepo haupo. Feni peke yake kwa injini ya umri ule haitoshi, hata ukinunua mpya kila Jumatatu.

"Haina ugonjwa, imekosa upepo," alisema. "Gasketi nitaweka. Lakini ukirudia tena, silinda hedi itapinda na hapo utauzia watu wa chuma chakavu. Huyo mama ukimkuta kwa njia, mpite tu."

Mpite tu. Mwalimu alirudi nyumbani na maneno hayo mawili yakimchoma kifuani. Alimkasirikia Wabuge, akaikasirikia injini, akaikasirikia hata sayansi aliyowafundisha watoto wa watu miaka yote hiyo. Gari jingine hangepata, hilo alilijua. Lakini katika wanadamu wote wa Uasin Gishu, yeye ndiye asiyestahili kuambiwa ampite mwanamke yule barabarani. Alikwisha kumpita. Kumpita tena, akiwa na afya na gari zima, kungekuwa ni kumwambia kwamba hata mara ya kwanza hakuwa amekosea.

Jioni ya kwanza baada ya gasketi aliapa kwamba atapita. Aliliondoa gari njia panda kwa mwendo mzuri, gia ya pili, ya tatu, mshale umetulia. Kisha akauona ule mgongo na kikapu chake, na mguu wake ukakataa. Ukaenda kwenye breki wenyewe. Akarudi gia ya kwanza, akawasha taa, akatambaa, macho kwenye geji, akimsihi mama wa watu moyoni aongeze mwendo japo kidogo. Mama hakuongeza. Katikati ya mlima mshale uligonga pekundu, mvuke ukafumuka kwenye boneti, injini ikajizima. Mwalimu aliupiga usukani ngumi na kutoa kwa Kinandi maneno ambayo mwanafunzi angeyasema angelima shamba la shule muhula mzima.

Mama Githinji alitembea kidogo, akasimama. Halafu, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, akageuka. Alirudi hadi dirishani, akaweka kikapu chini, akautazama mvuke kwa uso wa mtu aliyechoshwa.

"Mwalimu, hii gari utaiua."

"Ishakufa, Mama Githinji."

Akamuuliza kwa nini hakupita. Mwalimu akaanza hotuba: uchaguzi unakuja, vijana hawana kazi, giza linaingia mapema. Mama Githinji alimkatiza kwa kiganja, kama anavyofukuza nzi kwenye viazi.

"Miaka hii yote unanifuata. Mimi sikutaka unifuate. Siku ile nilitaka usimame."

Mwalimu alikuwa na mengi ya kusema: vizuizi barabarani, vijana wenye marungu na pinde, kwamba wangemkuta naye ndani wangewachoma wote. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomtoka. Mvuke ulizidi kupanda.

"Ilikuwa imebeba nini?" mama aliuliza. Hakuwa na ukali tena. "Niliona imejaa, sikuona imejaa nini. Nimejiuliza mpaka nimechoka."

Kama angekuwa amebeba watoto, au mgonjwa, au hata mbuzi, angemwambia zamani. Hilo ndilo lililomfunga mdomo miaka yote, kuliko woga wenyewe. Aliinamisha kichwa.

"Viti," alisema. "Viti za sitting room."

Mwalimu alingoja matusi, na kama yangekuja angeyapokea kwa shukrani. Hayakuja. Alisikia tu injini ikilia kwa joto.

"Bado ziko?"

"Bado ziko."

Mama Githinji akainama, akachukua kikapu chake, akakiweka sawa mkononi.

"Jumapili tutakuja kuzikalia, mimi na watoto wangu. Mwambie mama wa nyumbani aweke chai ya kutosha. Na kesho ukinikuta kwa njia, pita."

Akaendelea kupanda mlima. Mwalimu alitoka akafungua boneti, akasimama hapo akingoja injini ipoe.