Nani Anatoboa Barafu

Maman Mwadi hakuwa mtu wa kuamini upesi. Maziwa aliyanusa kabla ya kumimina, hata kama chupa imefunguliwa mbele ya macho yake. Kanisani kule Matonge, mtaa wa Wakongo jijini Brussels, mgeni akimwombea, alifumba jicho moja tu. Watu walimcheka, naye aliwaacha wacheke. Alizaliwa Likasi, kusini mwa Kongo, akakulia Likasi, na watu wenye asili ya Kasai kama wao walipofukuzwa mjini mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwanamke wa nyumba ya pili, aliyezoea kuja kwao kuomba chumvi, ndiye aliyesimama barabarani akawaonyesha vijana mlango wao. Tangu hapo Mwadi alijua kwamba kucheka na mtu ni jambo moja na kumjua ni jambo jingine.

Brussels, alikokuja kuishi baadaye, alisafisha maofisi ya mtaa wa Schuman kwa miaka mingi, kisha akapata kazi kwenye timu ya bustani, upande wa magharibi wa jiji, si mbali na nyumba yake ya Berchem. Kazi hiyo aliipenda. Majani hayasemi uongo, alikuwa akisema.

Februari ya mwaka 2012 baridi ilishuka kama adhabu. Bwawa la bustani, ambalo miaka mingi liliweka utando mwembamba tu wa barafu, liliganda kutoka ukingo hadi ukingo. Watu walianza kuja na viatu vya kutelezea vyenye makali ya chuma, vile Wafaransa huviita patins, na badala ya kuwafukuza, chef Didier, mkuu wa timu, aliamua barafu itunzwe kama uwanja. Kazi ikawa ya Mwadi na mwenzake Ghislain.

Mtu asiyejua hufikiri barafu hujitunza yenyewe. Theluji ikianguka lazima iondolewe mara moja, kwa sababu theluji ni blanketi, na barafu iliyofunikwa blanketi hulainika. Jani moja jeusi likibaki juu, jua hulipasha moto, nalo huzama na kuacha kishimo. Nyufa hujazwa uji wa theluji na maji. Alasiri, watu wakiondoka, hunyunyizwa maji kidogo kwa mpira, tabaka jembamba, ili kesho uso uwe laini kama sahani. Na kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kukanyaga, hutobolewa kwa keekee ndefu hapa na pale kupima unene.

Asubuhi moja Mwadi alikuta shimo karibu na matete. Halikuwa la keekee. Lilikuwa pana kama karai, na vipande vya barafu vimepangwa pembeni. Alizungushia utepe, akaliacha ligande. Kesho yake lilikuwa wazi tena.

Aliyepiga kelele zaidi alikuwa monsieur Pauwels, mstaafu aliyeishi peke yake katika nyumba inayotazama bwawa. Alitoka na koti lake la sufu akasimama ukingoni.

"Kuna mtu anatoboa barafu!" alimwambia chef Didier kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Mtoto atakufa hapa. Fungeni bwawa! Na wenye vifaa vya kutobolea ni nani? Mimi sina."

Hakumtaja mtu, ila macho yake yalitua kwenye keekee mkononi mwa Mwadi. Tangu siku ile Mwadi aliona mapazia yakisogea madirishani kila anapoinama. Mwanamke mmoja mwenye mbwa alimuuliza nani kamruhusu kuwa pale. Hata chef alianza kupita mara kwa mara, akijifanya anatazama miti.

Basi Mwadi naye akaanza kutazama. Na wa karibu zaidi wa kutazamwa alikuwa Ghislain.

Ghislain alikuwa mtu wa Bukavu, mpole, baba wa mabinti wawili. Miaka yote alifika kazini dakika ya mwisho. Sasa alikuwa akifika wa kwanza. Alikuja na begi kubwa la kijani, akalisukuma nyuma ya mifuko ya chumvi ndani ya kibanda cha vifaa, na mtu akilikaribia aligeuka. Asubuhi moja Mwadi alimwona akichechemea.

"Papa Ghislain, mguu uko na nini?"

"Niliteleza ku escalier, ku ngazi ya nyumba, maman. Si kitu."

"Na suruali ilipata maji ku escalier?"

Ghislain alitazama magoti yake yaliyolowa, akacheka kidogo, akachukua koleo akaenda. Mwadi hakucheka. Siku hiyo karibu na shimo aliona alama pana zisizo na umbo la kiatu, kama mtu aliyeburuta miguu. Mtu anayechechemea, alijiambia, huburuta.

Asingesema kitu kama chef asingewaita wote kibandani kwenye kahawa. Chef alisema malalamiko yamefika juu, na shimo likionekana tena uwanja utafungwa na timu itahojiwa. Wafanyakazi sita walikuwa wamekaa juu ya ndoo. Mwadi akahisi macho yao yakimjia yeye, mwenye keekee. Akanyoosha kidole.

"Mwambieni Ghislain afungue begi lake," alisema kwa Kifaransa. "Kila siku anafika kabla yetu, kila siku amelowa, na begi hilo analificha."

Ghislain alimgeukia, akamwambia kwa Kiswahili, polepole, "Maman Mwadi. Weye?"

"Fungua tu, papa. Kama hamuna kitu, hamuna kitu."

Akafungua. Ndani mlikuwa na jozi ya patins kuukuu, kamba za rangi mbili tofauti, taulo, na vipande vya sponji vyenye mpira wa kufungia magotini. Hakukuwa na shoka wala nyundo.

"Wasichana wangu wanateleza," Ghislain aliwaambia wote, "na mimi nasimama pembeni kama nguzo ya taa. Nilitaka kujifunza kabla watu hawajaja."

Mmoja alianza kucheka, kisha wote. Kijana wa mashine ya nyasi alisimama akaiga mtu mnene anayeteleza huku akipunga mikono. Chef naye alicheka hadi akafuta machozi, halafu akasema, pamoja na hayo, afadhali Ghislain aende kukata nyua za miti za bustani nyingine mpaka mambo yatulie. Ghislain alifunga zipu ya begi, akatoka bila kumaliza kahawa.

Kesho yake shimo lilikuwepo tena, na Ghislain alikuwa mbali; Mwadi hakumwambia chef.

Mwadi alilala vibaya. Kulipoanza kupambazuka siku iliyofuata alikuwa tayari nyuma ya kibanda, mikono kwapani. Mlango wa nyumba ya mstaafu ukafunguka. Monsieur Pauwels alitoka na shoka dogo na birika linalofuka mvuke, amevaa soksi nene juu ya viatu vyake ili asiteleze. Alitembea hadi kwenye matete, akamimina maji, akagonga, akatoa vipande kwa mkono na kuvipanga pembeni. Bata waliokuwa wamejikunyata ndani ya matete wakaja wakiyumba hadi miguuni pake.

"Monsieur Pauwels," Mwadi alisema.

Hakushtuka sana. "Wanahitaji maji. Mmewachukulia bwawa zima."

"Wewe ndiye uliyesema mtoto atakufa."

"Nilitaka mfunge. Mngefunga, wangebaki kwa amani."

"Na ulijua watu watanifikiria mimi."

Mzee alimwaga maji ya mwisho. "Nilijua," alisema. "Sikulitilia maanani sana."

Mwadi alikuwa na maneno mengi ya kumrudishia. Kila moja, likifika kwenye ulimi, lilimkumbusha kidole chake mwenyewe kibandani. Na baada ya kidole hicho aliona kingine, cha mwanamke wa Likasi, barabarani. Akaenda kumwambia chef.

Chef alipojua, alimkaripia mzee, kisha akaweka vizuizi vya chuma kuzunguka matete, sehemu ile ikaachwa wazi kwa bata. Mwadi alipika mikate, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda kumtafuta Ghislain kwenye nyua alizokuwa akikata.

"Nimekuja kuomba pardon, papa. Haikuwa weye."

"Najua haikuwa miye, maman."

"Nilikosea."

Ghislain aliweka mkasi chini. "Kuniwazia si neno. Hata miye nilikuwa nakuwazia weye, na ile keekee yako. Lakini begi uliifunguza mbele ya bantu. Ungeniuliza siye babili tu, ningekuonyesha. Pengine ningekuazima."

Hilo lilimchoma kuliko matusi. "Bon," alisema. "Jumamosi kuja ku bwawa. Mi pia nitavaa."

"Utavaa nini?"

"Patins."

Ghislain alimkazia macho. "Maman, hii si mutego?"

Jumamosi bwawa lilijaa. Mwadi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, alivaa patins za kuazima na makoti mawili, akaushika mgongo wa kiti cha mbao kama wafanyavyo wanaoanza, akasukuma. Kiti kilikwenda, yeye akabaki, kisha akakaa chini kwa kishindo. Watu walicheka. Kijana wa mashine ya nyasi alicheka kuliko wote. Mwadi alisimama, akaanguka tena.

Ghislain alikuwa ukingoni, mikono kifuani, mabinti zake wakimvuta koti. Muda mrefu alitazama tu. Kisha akafunga zile kamba za rangi mbili, akaingia kwenye barafu mbele ya kila mtu. Alijua zaidi ya walivyodhani. Alimpita Mwadi mara ya kwanza bila kumwangalia. Alimpita mara ya pili. Ya tatu alishika kiti upande wa pili, akakituliza.

"Kunja magoti kidogo," alisema. "Usitazame chini."

Walizunguka bwawa pamoja, polepole.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, maji yakasimama juu ya barafu, na Mwadi akaweka vibao vya hatari. Chef alimwambia Ghislain anaweza kurudi kwenye timu. Ghislain alishukuru, akasema atabaki kwenye nyua, kwa sababu kule kuna jua zaidi. Maman Mwadi hakuamini sababu hiyo hata kidogo. Wakikutana, hunywa kahawa pamoja wakizungumza habari za Bukavu na Likasi, na kwa nini hasa hakurudi, hajamuuliza.