Petikoti ya Mama Juu ya Begonia

Mpaka leo mbuzi akilia nyuma yangu uso unanichoma kwa aibu, na haya nayaandika kwa sababu kuyasema kwa mdomo siwezi.

Nilikuwa na begonia mbili uani kwetu Kalamba. Moja ngumu, ya majani manene yenye manyoya, iliishi kwenye karai kuukuu kando ya bafu, ikinywa maji ya sabuni bila kulalamika. Nyingine laini, majani mekundu yenye madoa ya fedha, ikipigwa na jua kidogo tu inazirai. Baba alizichukia zote. "Maua hayaliwi," alisema. "Ntheo ya dada yako ikiisha nang'oa, napanda sukuma wiki." (Ntheo ni siku wakwe wanapoleta mbuzi watatu, na bila hao mbuzi dada yangu Ndinda hahesabiki kuwa ameolewa.) Nikaona dawa ni moja: wageni wayasifu maua mbele ya Baba mpaka aone haya kuyang'oa.

Siku yenyewe jua likawaka, ile laini ikaanza kulegea, nikaangalia huku na huku, nikaanua petikoti ya Mama (ile nyeupe ya kanisani, pana kama hema) nikaitundika juu yake kwa vijiti. Nitaitoa kabla wageni hawajafika, nilijiambia. Wakafika mapema. Nani hufika mapema kwenye sherehe?

Nikapewa beberu, mmoja wa wale mbuzi watatu, nimshike kamba. Mjomba akaanza maombi marefu, watu wakafumba macho, na hapo Mueni, dada wa bwana harusi, akaninong'onezea, "Wewe ndiye wa maua? Hebu nionyeshe," akaninyooshea mkono wa salamu. Mimi nikisemeshwa na msichana akili inazima. Nikanyoosha mkono wangu, ule ule ulioshika kamba.

Beberu akaenda moja kwa moja kwa begonia laini, akaitafuna mpaka shina, akainua kichwa na petikoti ikabaki kwenye pembe. Nikamfuata nikinong'ona "kuja, kuja," naye akapita katikati ya wazee kama askofu. Mzee mmoja wa wakwe akafumbua macho.

"Hiyo nguo ni ya nani?"

"Sijui," akasema Mama haraka sana.

Nikamrukia beberu, nikashika petikoti, ikapasuka, yeye akatoka langoni. Ndinda, aliyekuwa amefichwa ndani, akachomoka na viatu mkononi, akitutukana wote wawili, akamkamata mguu karibu na barabara.

"Huyu bibi atatufaa!" wakwe wakashangilia.

Mueni, machozi ya kicheko yakimtoka, akamwomba Baba jani la ile ngumu akalipande kwao Salama, maana jani moja tu huota. Baba angekataaje mbele ya wakwe? Akamkatia mwenyewe, kisha akasimama akitazama kile kishina kilichobaki cha ile laini.

"Kumbe yanaliwa," akasema.

Sukuma hajapanda. Nami nimeapa: kivuli cha maua ni gunia, na nikishika mbuzi, hata akija malaika, nasalimia kwa kichwa.