Ng'ombe wa Dada

Moshi wa dawa ya mbu una harufu ya pareto, na mpaka leo sijaweza kuuzoea.

Siku moja mama na mimi tulikuwa tunageuza maua ya pareto kwenye mkeka uani, vumbi lake likituwasha puani, dada yangu mkubwa alipotokea na furushi kichwani. Jicho lake moja lilikuwa limevimba hadi likaziba. Alipiga magoti mbele ya baba, aliyekuwa ameketi mlangoni.

"Tata, huko sirudi. Ataniua."

Baba alitazama zizi tupu. Ng'ombe wa mahari ya dada, ambao kwa desturi yetu kaka angewatumia kuoa, walikuwa wameshauzwa ili kaka aende chuo cha ualimu.

"Mume wako akija kudai ng'ombe wake, nitampa nini?" baba aliuliza kwa sauti ya chini. "Nikamtoe kaka yako chuoni?"

Dada aliinuka. Alinawa uso, akachuchumaa kando yangu, akageuza pareto nasi mpaka jua likapinda. Kisha mama akamfungia ndizi za kuchemsha, akamsindikiza hadi mtoni, kwenye njia ya kurudi kwa mumewe.

Mama alirudi peke yake, akaendelea kugeuza maua yaliyokwisha kukauka.