Komisio ya Ng'ambo

Kabla hujacheka, nisikilize kwanza. Mimi ni fundi wa friji hapa Kampemba, Lubumbashi, na fundi wa friji haamini kitu mpaka akishike. Nikikuambia jambo hili lilitokea, ujue nililishika kwa mikono hii miwili, na mke wangu alilishika kabla yangu. Nilimweleza padri wetu, akaniambia nisali. Nilimweleza kwa simu binti yetu Odette, aliyeolewa Kolwezi, akasema baba umeanza kuzeeka. Haya, na wewe utaamua mwenyewe.

Wakati ule mimi na mke wangu, Mama Odette, tulikuwa tunapanga kwenda kupumzika Malta. Ndiyo, Malta, kile kisiwa kidogo katikati ya bahari ya Mediterania. Unajiuliza watu wa Kampemba wamesahau nini Malta? Hata mimi nilimuuliza. Tulikuwa tunakaribia miaka ishirini na tano ya ndoa, na Jumapili moja mhubiri akatukumbusha jinsi Mtakatifu Paulo alivyovunjikiwa meli, na wenyeji wa Malta wakamwashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Mama Odette akanigusa kiwiko.

"Baba Odette, bale bantu beko bazuri. Twende tubaone."

Nilidhani ni utani wa kanisani. Kumbe mwenzangu amesema na amemaliza.

Toka siku hiyo nyumba yetu ikawa Malta. Jikoni alibandika picha ya mashua za kule, zenye macho mawili yaliyochorwa mbele, buluu na njano. Mimi nakula bukari, ugali wetu wa huku, yeye ananisomea kwenye simu majina ya ghuba, saa ambayo jua linazama, hoteli ambayo ukifungua dirisha unayaona maji. Tulibishana wiki nzima juu ya dirisha hilo. Mimi nilitaka upande wa soko. Sikushinda, na niamini, sijawahi kushindwa kwa raha kama vile. Tikiti tukachukua za mwezi wa saba, siku ya Jumamosi.

Sasa, Mama Odette alikuwa hajawahi kuona maji makubwa. Sisi ni wajukuu wa watu wa reli, wazazi wetu walitoka Kamina, na huko maji ni ya bomba la stesheni. Basi mwezi wa pili, siku ya Jumatano, nikampeleka Karavia, pale ziwani, ajizoeze. Ilikuwa saa tisa mchana. Jua linawaka na manyunyu yanaanguka papo hapo. Akavua viatu, akatia miguu majini, akafumba macho.

"Usinisemeshe," akasema. "Niko Malta."

Nilicheka. Nilipogeuka, mzee mmoja alikuwa amesimama nyuma yetu. Sikumwona akija. Alivaa kaki ya kizamani, ile ya watu wa reli, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unasimama, na kofia ameishika mkononi kwa heshima.

"Jambo baba, jambo mama. Nasikia munaenda ngambo."

Nilifikiri ametusikia tukizungumza. Kwetu ng'ambo ni ng'ambo tu: ya mto, ya bahari, ya Ulaya. Wazee walilitumia neno hilo pia kwa kule wanakokwenda waliokufa, lakini nani ana muda wa kufikiria hayo saa tisa mchana?

"Njo vile, baba," Mama Odette akajibu kwa furaha. "Tunaenda ngambo."

"Siku gani, mama?"

"Siku ya posho."

Vijana wa sasa wanasema samedi. Siku ya posho ni Jumamosi ya babu zetu, siku ambayo wafanyakazi wa kambi walipewa chakula chao cha wiki. Alilitumia neno hilo ili kumfurahisha mzee kwa Kiswahili chake. Mzee akafurahi kweli, ukamwona usoni.

"Basi minaomba komisio. Mutoto wangu Ngoie iko kule. Munipelekee hii. Miye nitamwambia akungojee ku mashua, siku ya posho."

Kama uliwahi kusafiri kutoka Lubumbashi, unajua komisio. Ukitaja safari tu, mtaa mzima unakuletea vifurushi: dagaa wetu wa ndakala kwa shemeji, majani ya sombe yaliyokaushwa, barua, dawa ya bibi. Huwezi kukataa. Kukataa komisio ni kuwatangazia watu kwamba hukulelewa. Hata hivyo nilifungua mdomo nimuulize mzee anakaa wapi. Nilichelewa. Mke wangu alikuwa ameshapokea kwa mikono miwili, goti limekunjwa kidogo.

"Tutamufikishia, baba."

Ahadi ni deni, ndivyo tunavyosema. Mzee akashukuru, akaenda zake ukingoni mwa maji. Hapo ndipo nilipoona. Shati langu lilikuwa limelowa, nyasi zimelowa, lakini viatu vya mzee vilikuwa na vumbi kavu. Nikamfuata kwa macho nione atakatia wapi. Hakukata popote. Alipungua, akapungua, mpaka pakabaki nyasi. Nikamwambia mke wangu avae viatu, twende nyumbani. Niliogopa, nakuambia wazi.

Kifurushi kilikuwa kitambaa cheupe chenye fundo moja. Nyumbani Mama Odette alikipapasa bila kukifungua, maana komisio ya mtu haifunguliwi.

"Ni biatu bya mutoto," akasema taratibu. "Kadogo sana."

Nikakipapasa na mimi. Kweli, viatu viwili, kila kimoja kinaenea kwenye kiganja changu.

Alhamisi mke wangu aliamka nywele zimelowa. Niligusa, nikaonja kidole. Chumvi. Akanieleza akitabasamu kwamba alitembea juu ya mawe meupe, mashua zilikuwa zinafungua na kufumba macho yao, na mtoto mmoja wa kike alikuwa anarukaruka pekupeku kwa sababu mawe yanaunguza. Usidhani aliumwa. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumwona na furaha ile, na hiyo furaha ndiyo iliyonitisha. Hakula asubuhi, hakula jioni. Miguu yake ilikuwa baridi mpaka magotini, naye anaimba.

Ijumaa asubuhi nikakuta amefagia nyumba, amekunja nguo zangu zote, masufuria mawili amempa jirani.

"Kesho njo siku ya posho," akaniambia.

"Mama Odette, tikiti ni za mwezi wa saba."

Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu mzima asiyejua kusoma.

"Miye nilisema siku ya posho, Baba Odette. Mwezi sikusema."

Unaelewa? Hakutaja mwezi. Mzee aliuliza siku, naye akapewa siku, na mtoto huko ng'ambo ameshaambiwa angoje. Ningefanya nini? Nilisubiri aingie kuoga, nikachukua kifurushi, nikapanda pikipiki mpaka Karavia kumrudishia mwenyewe. Niliuliza wauza maji, niliuliza walinzi. Hakuna aliyemjua mzee wa kaki. Nikamwambia mwenye pikipiki aendelee tu, hata sikumwambia wapi, tukatokea Annexe, kule kwenye mashamba ya mahindi. Hapo barabarani palikuwa na kilio.

Turubai, wanawake wanaimba, sanduku limewekwa uani kabla ya kwenda makaburini. Ndani alilala bibi mzee sana. Watu walikuwa wanapita mmoja mmoja kumuaga, na kama ilivyo desturi yetu, kila mtu anamtuma. Nikamsikia mama mmoja: "Utusalimie baba. Umwambie nyumba tulimaliza." Komisio usiyoweza kuipeleka, si unampa anayesafiri? Na huyu alikuwa anasafiri leo.

Nilimtafuta binti wa marehemu, mwanamke wa umri wangu, kitambaa kichwani. Sikumdanganya. Nilimweleza yote kwa maneno machache, nikategemea kufukuzwa. Alikipapasa kile kifurushi, machozi yakamtoka.

"Ni ya mutoto? Weka, baba. Mama alilea batoto ya bantu mingi. Hatashindwa na moja."

Nikakiweka karibu na mkono wa yule bibi. Nikamwambia, "Mama, ni ya Ngoie. Anangoja ku mashua." Nikakaa mpaka sanduku likafungwa.

Niliporudi, Mama Odette alikuwa jikoni, anakula bukari ya jana iliyopoa, anakula kwa haraka na huku analia. Nikamweleza niliyempa kifurushi. Jumamosi sikwenda kazini. Nilimshika mkono toka asubuhi mpaka giza, hata nywele alisukwa nikiwa nimeushika mkono wake mmoja, jirani anatucheka. Siku ya posho ikapita. Mke wangu alibaki.

Malta hatukwenda. Mwezi wa saba ulipofika aliondoa picha jikoni yeye mwenyewe, akaikunja vizuri. Nilimbembeleza. Nikamwambia twende, ile ya kweli, dirisha upande wa maji kama ulivyotaka.

"Nifike mikono mitupu?" akauliza.

"Yule bibi alifikisha."

"Nani alikuambia?"

Hakunikasirikia, hapana. Ananipikia, tunataniana, anatembelea wajukuu. Lakini kuna saa anaosha vyombo halafu anasimama, mikono ndani ya maji, na najua yuko wapi, na wivu unanishika. Mara moja tu alinieleza.

"Siku yangu ya kweli ikifika, nitamukuta pale ku majiwe. Kama iko bado pekupeku, nitamwambia nini?"

Kwa hiyo wewe unayepanga safari, panga. Bandika picha, bishaneni juu ya dirisha, ni raha kuliko safari yenyewe. Lakini mtu akikuomba komisio, muulize jina lake na kwake ni wapi, na ukitaja siku, taja na mwezi wake. Na ikiwa mwenzako ameshapokea kabla yako, usikimbie kwenda kuirudisha bila kumuuliza kwanza. Mimi sikumuuliza. Mke wangu ninaye, namshukuru Mungu kila nikiamka. Ila najua kwamba Jumamosi ile mtoto alikuwa anamngoja, na mimi ndiye niliyemzuia asiende kumvisha viatu.