Stenti ya Mwisho na Koo la Mzee Kipkurui

Mwaka 1998 hospitali moja ya misheni kule Bomet ilipokea sanduku la msaada kutoka ng'ambo. Ndani mlikuwa na stenti, yaani vibomba vya wavu wa waya. Unavibana vinakuwa vyembamba kama penseli. Ukiviachilia vinafutuka na kumfungulia njia mtu ambaye saratani imemziba koo. Wafadhili walipiga picha, wakaomba, wakapanda ndege. Kifaa cha kuingizia stenti hizo walikuwa wamekisahau kwao. Ni kama kumtumia mtu risasi bila bunduki na kumtakia kila la heri.

Ndipo akaitwa Eliakim wa karakana ya hospitali. Alikuwa mtu wa ziwa, wa kabila tofauti na wenyeji wa Bomet, na ujana wake wote ulimalizikia kwenye kiwanda cha chai upande wa Kericho, akitunza mashine za kusaga majani. Alivaa tai juu ya ovaroli. Ukimwita fundi hakusikia. Ukimwita injinia aliitika hata akiwa chooni.

"Daktari," alimwambia Daktari Jerusa, "hiyo nitamaliza kabla ya chai ya saa nne."

Kifaa chake kilikuwa paipu ya plastiki, stenti imebanwa ndani, na fimbo nyembamba ya kuisukuma itoke. Alinunua koo la ng'ombe kwa Kiptanui wa buchari, akalifunga mezani na kulitia alama ya wino pale stenti ilipopaswa kukaa. Akasukuma. Stenti ikaruka kama chura, ikapita alama, ikatua mahali ambapo ng'ombe mzima angekuwa na tumbo. Akasukuma kwa adabu. Ikaruka bila adabu. Kila jaribio lilipinda stenti nyingine, na mbwa wa Bomet wakaanza kumsindikiza nyumbani kama mheshimiwa.

Ikabaki stenti moja nzima. Ndipo akaletwa Mzee Kipkurui kutoka Chepseon, amekonda, hawezi kumeza hata mate. Mursik, maziwa ya kibuyu aliyoyanywa maisha yake yote, sasa aliyanusa tu.

Eliakim alimjua. Aliwahi kupanga chumba Chepseon, mpaka ule mwaka wa vita vya makabila, mzee huyu aliposimama kwenye baraza na kusema watu wa ziwa wafunge virago. Wiki hiyo Eliakim alihama, godoro kichwani.

"Huyu ndiye ametengeneza?" mzee alimnong'oneza binti yake, Chepkosgei.

"Ndiye, baba."

"Basi nirudishe nyumbani nikafe na njaa. Huyu ana sababu."

"Sababu ninayo, mzee," Eliakim akasema. "Lakini stenti ni moja, na jina langu pia ni moja. Siwezi kuharibu vyote viwili kwa ajili yako."

Maneno matamu, lakini mchana alienda nyumbani akiwa bado hajui jinsi ya kuizuia stenti isiruke. Mkewe, Celine, alikuwa akimlaza mtoto wao Amondi. Alimweka kitandani, mkono wake bado uko chini ya mtoto, akangoja, kisha akauchomoa polepole. Mtoto hakutikisika.

Eliakim alisimama, ugali mdomoni. "Hukumsukuma!"

"Nani anamsukuma mtoto kitandani, Baba Amondi? Wewe ni mzima?"

Alirudi karakana mbio. Sasa fimbo ingetulia palepale, na paipu ndiyo ingevutwa nyuma, kidogo kidogo, kwa mkono wa breki ya baiskeli. Akajaribu kwa stenti iliyopinda, ikakaa juu ya alama. Lakini hiyo ilikuwa stenti iliyopinda, na ng'ombe hakohoi.

Siku ya kazi, mchungaji aliomba mpaka dawa ya usingizi ikaanza kazi kabla ya amina. Daktari Jerusa alishusha paipu kooni mpaka alama ya wino iliyokuwa kwenye paipu ilipofika kwenye meno, akatazama kioo cha eksirei, akaanza kubana breki. Kule chini stenti ikachanua kidogo. Akabana tena. Ikafika nusu.

Breki ikakwama.

Nesi Sally aliacha kuimba pambio. Stenti iliyofunguka nusu hairudi ndani, na mzee alianza kukoroma vibaya. Mkono wa daktari ukaifuata fimbo, tayari kusukuma.

"Usisukume!" Eliakim alipiga kelele kutoka mlangoni.

"Nani huyo?"

"Mtoto amelala, Daktari! Chomoa mkono tu!"

Sally alimtazama kama mtu aliyekunywa spiriti ya wodi. Lakini Daktari Jerusa alikuwa amelaza watoto wake mwenyewe. Aliiacha breki. Mkono wa kushoto ukaishika fimbo isitikisike. Wa kulia ukaivuta paipu yenyewe, taratibu, bila kupumua. Paipu ikakataa. Ikakataa. Ikakubali.

Kiooni stenti ikafunguka yote, imekaa palepale palipoziba.

Kesho yake Chepkosgei alimimina mursik kikombeni. Wodi nzima ililitazama koo la mzee. Lilipanda, likashuka. Akanywa tena. Kisha akamgeukia Eliakim, lakini si kwa kongoi, asante ya kwao.

"Siku hizi unakaa wapi?"

"Hapa hapa Bomet."

"Usihame."

"Mzee, ni wewe unaniambia hivyo?"

"Hii kitu yako ikiteleza, nitakutafuta wapi?"

"Ulizia injinia," Eliakim akasema, akinyoosha tai. "Ukiulizia fundi, sitoki."