Litungu la baba mkwe, na gogo lililofukuliwa kabla ya wakati

Wakuu, marahaba kwa wote niliowazidi umri, na shikamoo kwa walionizidi, ingawa sidhani kama humu wapo.

Juzi kijana mmoja aliuliza kwa nini litungu alilonunua duka la watalii limepasuka hata mwaka haujaisha. Mkamjibu mara hali ya hewa, mara kapigwa. Nilicheka kidogo, halafu kicheko kikakatika.

Ngoja niwaeleze lililotokea nyumbani kwangu. Sipunguzi, siongezi.

Niliolewa Tarime, milimani upande wa Itiryo, kabla watu hawajahamishiwa vijiji vya ujamaa. Mume wangu, Chacha, alikuwa fundi wa litungu. Kwa msiolijua, ni ala yetu kubwa ya Wakurya, nyuzi nane, tumbo la mti uliochimbwa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe.

Aliyemfundisha ni baba yake (tata, kwa Kikurya), mzee Marwa, ambaye ndiye aliyekuwa mpigaji hasa. Mzee akishika litungu, hata walevi walitulia.

Mti wa kuchongea litungu ni mringaringa, na si wa porini. Ni ule aliopanda babu yako pembeni ya boma. Huugusi kwa shoka mpaka mche wako mwenyewe uwe umeshika kiasi cha mbuzi kushindwa kuung'oa. Ndiyo maana miti haikuisha. Siku hizi mnaita uhifadhi na mnalipana posho za semina.

Ukishakata, unachonga kwa nje tu, unalifukia gogo kwenye samadi ya zizi. Linakaa humo mpaka mvua kubwa mbili zipite, likauke taratibu. Ukiwa na haraka litapasuka. Hilo kila mtoto wa boma lile alilijua.

Mwaka wa operesheni ya kutuhamishia vijijini mgambo walikuja asubuhi, wakaezua nyumba zetu. Vitu vikapakiwa kwenye trela la trekta. Litungu la mzee likawekwa chini, mtu akatupia jiwe la kusagia juu yake.

Kijijini tulishusha vipande.

Mzee aliingia kwenye kibanda tulichopewa, akalala, akageukia ukutani.

Kule bomani Chacha alikuwa ameacha gogo moja kwenye samadi, limepata mvua moja tu. Miringaringa iliyosimama, kamati ya kijiji ikapitisha ikatwe kuchomea matofali ya godauni. Ya kwetu na ya majirani. Hawakuuliza nani aliipanda, kwa sababu sasa ilikuwa ya wote.

Msinielewe vibaya. Watoto wangu walisoma bure na nashukuru. Nasema ile miti tu. Nilipita siku moja nikaona tanuri linafuka, nikaumia mpaka nikashindwa kubeba ndoo.

Basi likabaki gogo moja.

Mzee akazidi kudhoofu. Kwetu mke wa mtoto hamsogelei baba mkwe, ni heshima, tunaiita insoni. Boma la zamani lilikuwa pana, kukwepana ilikuwa rahisi. Kijijini nyumba zimepangwa mstari, ukuta mmoja wa udongo kati yake na jiko langu. Nilikuwa naweka uji mlangoni, nakohoa, naondoka.

Kupitia ukuta huo nilisikia vidole vyake vikikwaruza kamba za kitanda. Alikuwa anapiga nyimbo.

Bwana wa zahanati alipomwangalia alimwambia Chacha ajiandae, mzee hamalizi kiangazi. Mume wangu akachanganyikiwa.

"Nalitoa lile gogo," akaniambia.

"Halijakauka."

"Tata naye hangoji."

"Si umuulize mwenyewe?"

"Nikamuulize nini? Kwamba atakufa lini?"

Na hata ningebisha, nani angemsikiliza mke wakati ule.

Akalifukua, akachonga, akawamba ngozi, akafunga nyuzi za kano. Kazi nzuri kabisa, ukiangalia kwa macho. Akampelekea mzee mchana, watu wako shamba la kijiji. Mimi nilikuwa jikoni na mtoto mchanga.

Nikasikia mzee anajiinua. Akaligonga tumbo la litungu kwa kidole, akatulia, akagonga tena.

"Umelitoa lini?"

"Limeshakauka, tata."

Mzee ndiye aliyemfundisha huyu kazi, angekosaje kujua?

"Haya," akasema.

Halafu akapiga. Wakuu, alipiga mpaka watu wanaorudi shamba wakasimama nje na majembe begani, hakuna anayeondoka. Uji wangu uliungua na sikujali.

Kiangazi kilipokolea litungu likapasuka, kutoka mdomo wa tumbo hadi chini. Mlio wake tuliusikia nyumba nzima.

Na mzee hakufa.

Alianza kumaliza uji. Kiangazi kikaisha, mvua zikaja, nazo zikaisha. Muda wa gogo kuwa tayari ukafika na kupita, mzee yuko mlangoni anaota jua.

Aliishi mpaka yule mtoto niliyekuwa namnyonyesha akamaliza darasa la saba. Miaka yote hiyo hatukuwa na mti mwingine. Kuukata wa ukoo mwingine ni mwiko, na hata wao yao ilishakuwa majivu. Chacha alipanda miche, lakini mti wa kutosha tumbo la litungu hauamrishwi.

Lile bovu mzee alilitundika juu ya kitanda. Mgeni akija anamwonyesha.

"Hili alinichongea Chacha," anasema, kwa fahari kabisa.

Hakumlaumu hata siku moja. Chacha akisikia maneno hayo alikuwa anatoka nje. Afadhali angetukanwa.

Hakuchonga tena mpaka naye anatangulia mbele za haki.

Mtaniambia haraka haraka haina baraka. Hiyo hata sisi tuliijua na haikutusaidia. Ninachowaambia ni hiki: msimpangie mzazi siku zake, mkaanza kumuaga yuko hai. Muulizeni anataka nini, hata kama swali lenyewe linatia aibu. Mzee Marwa angeulizwa, angesema atasubiri. Na angesubiri.

Kama kuna mtu humu ana mringaringa uliopandwa na babu yake na bado umesimama, aniandikie hapa chini uko wapi. Siutaki kuukata, na wa kuuchonga nyumbani kwangu hayupo. Nataka kujua tu kama upo.